Muulize Mwalimu: Kamaliza la nane Msumbiji, hapa aanzie darasa gani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Masasi, nauza vitenge na vyombo vya ndani sokoni. Kaka yangu alivuka Ruvuma zamani kwenda kutafuta maisha, akaoa hukohuko Mocímboa da Praia. Mambo yalipoharibika upande ule, mwaka 2020, wakahamia Pemba. Pemba ya Msumbiji, Mwalimu, si ile ya karafuu. Mwaka huu mwezi wa tatu akaniletea mwanawe wa kwanza nikae naye na nimsomeshe, maana anasema hali yake si nzuri na anataka mtoto aijue kwao. Kijana ana miaka 14, mpole, ana adabu. Kimakonde anakisema vizuri kuliko watoto wangu. Kiswahili cha kuongea anacho, ila cha kuandika hapana.

Tatizo ni darasa. Karatasi zake zinaonyesha amemaliza darasa la nane. Mume wangu akasema basi huyo ni wa kidato cha pili, kwa sababu la nane ni sawa na fomu wani. Lakini alipozisoma vizuri akakuta Hisabati 13, Kiingereza 12, akanigeukia: "Huyu kaka yako katuletea mtoto wa 13 kwa mia?" Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya ada wala sare.

Nikampeleka shule ya msingi ya jirani. Mwalimu mkuu akampa jaribio la Kiswahili na Hisabati, kijana akashindwa vibaya. Akasema aanze darasa la nne ili ajifunze Kiswahili kwanza. La nne ndilo darasa la binti yangu wa mwisho! Huyu ni mrefu kunishinda mimi. Aliposikia hivyo akainama, halafu jioni akaniambia, "Shangazi, bora nikae dukani." Na kweli dukani ananisaidia. Wateja wanaotoka ng'ambo kwa kupitia Daraja la Umoja wakianza Kireno chao, yeye ndiye anayewapangia bei.

Mdogo wangu aliyeko Nairobi naye kaingilia, anasema tumpeleke kwake, kwamba huko aliyemaliza la nane anaingia Grade 9 moja kwa moja bila mtihani wa kumchuja.

Nimekutumia picha za daftari lake na za karatasi ya matokeo. Mwalimu, huyu mtoto ni mjinga au shule ndizo haziko sawa? Na nimpeleke darasa gani?

Shangazi mtu, Masasi

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na hiyo 13, maana naona ndiyo iliyovuruga nyumba. Msumbiji walirithi mtindo wa Wareno wa kusahihisha juu ya 20. Anayepata 10 kafaulu. Wafaransa nao wako hivyohivyo. Sisi tulirithi kwa Waingereza, tukazoea mia. Kwa hiyo 13 ya kijana wako ni 13 kwa 20, na Kiingereza chake cha 12 ni 12 kwa 20. Amefaulu masomo yote mawili, tena si kwa kuponea. Mumeo asikimbilie kuzidisha mara tano akasema kapata 65, yaani B ya kidato cha nne, kwa sababu mtihani haukuwa uleule, na kwenye shule zinazosahihisha kwa 20 walimu ni wagumu wa kutoa alama za juu. Mwenye 16 au 17 huwa anatajwa mbele ya darasa. Ichukulie tu hivi: mtoto wa wastani, yuko juu kidogo ya mstari, na kayapata hayo baada ya kukimbia mji mmoja kwenda mwingine akiwa na miaka minane.

Sasa daftari. Nimeitazama ile picha kwa muda mrefu. Swali la tatu la jaribio lilikuwa 168 gawanya kwa 12. Watoto wetu huandika 12 kushoto, 168 wanaiweka ndani ya kile kibanda cha kugawanyia, na jibu linakaa juu. Yeye kaandika 168, akachora mstari wa wima kulia kwake, 12 akaiweka ng'ambo ya mstari, na chini ya hiyo 12 akaandika 14. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa kugawanya kule. Jibu ni sahihi! Msahihishaji kaona tarakimu zimekaa mahali asipozitarajia, akaweka kosa. Swali la saba nalo kaandika 2,5 kwa mkato. Kule mkato ndio nukta ya desimali. Aliyesahihisha kasoma mbili halafu tano, akamnyima alama. Nimehesabu upya jaribio zima la Hisabati kwa macho ya Kireno, na makosa ya kweli ni machache mno, tena mengi ni ya maswali ya maneno ambako hakuelewa swali lenyewe.

Kiswahili ni kweli hakijakaa. Lakini hata huko tazama anavyokosea. Kaandika "xule" kwa shule na "nhumba" kwa nyumba. Mtoto asiyejua kusoma hakosei namna hiyo. Huyu anaisikia sauti barabara na anaiandika kwa herufi alizofundishwa, za Kireno. Hayo yanarekebishika kwa muda mfupi akipata mtu wa kukaa naye jioni. Binti yako wa la nne anaiweza kazi hiyo vizuri sana, na itampa kijana sababu ya kumheshimu badala ya kumwonea aibu.

Simlaumu mwalimu mkuu. Ana darasa limejaa, kaletewa mtoto wa nje bila maelezo, kampima kwa kipimo alichonacho. Ila kumrudisha la nne kijana aliyesoma miaka minane ni kumfukuza shule kwa upole. Atakaa muhula mmoja, halafu utamkuta dukani, na hutaweza kumlaumu.

Mumeo naye kwa hesabu ya miaka hayuko mbali. Ila hesabu ya miaka ndiyo inayopoteza wazazi wengi, kwa sababu jina la darasa halisafiri vizuri kutoka nchi moja kwenda nyingine. Zamani Msumbiji shule ya msingi ilikuwa hadi la saba kama yetu. Kwa sheria yao ya mwaka 2018 msingi ukawa miaka sita, na la saba likahamia sekondari. Kwa hiyo kijana wako kwa hesabu ya kwao tayari alikuwa sekondari, na ana miaka miwili ya sekondari mkononi. Sisi nasi tunahama. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka msingi uwe miaka sita na kila mtoto asome miaka 10 ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari. Waulize wazee wa Masasi na Ndanda, watakwambia wao walimaliza la nane, kwa sababu wakati wa mkoloni "middle school" ilikuwa inaishia la nane, na aliyefika hapo alikuwa mtu wa kupewa ukarani. La nane, la saba, la sita, yote yamepita katika nchi hii hii moja. Sembuse nchi mbili!

Ninapotaka kujua mtoto wa nje aingie wapi, namba ya darasa naiacha pembeni na kuuliza mambo mawili tu. Mchujo unaofuata uko wapi? Na utafanyika kwa lugha gani?

Mchujo kila nchi huuweka mahali pake. Wafini huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba na husoma miaka tisa bila mtihani wa taifa wa kumtoa mtu. Mtihani mkubwa uko mwishoni kabisa mwa sekondari ya juu. Ujerumani ni kinyume: katika majimbo mengi, mtoto akimaliza la nne tu, ana miaka 10, anaelekezwa njia yake, huyu shule ya kumpeleka chuo kikuu, yule shule ya kumpeleka kwenye ufundi. Kenya walikuwa na mtihani wa la nane, KCPE, uliokuwa unaliza watoto na wazazi. Wakaufanya mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa mtoto anapita la sita kwenda la saba bila kukatwa. Kwa hilo mdogo wako wa Nairobi kasema kweli. Ila hajakwambia kwamba huko masomo ni kwa Kiingereza tangu chini, wenzake wamekizoea miaka yote hiyo, na kijana atakuwa anaanza nchi ya tatu. Kahama Mocímboa, kahama Pemba, kaja Masasi. Mwache atulie. Hahitaji Nairobi.

Kwetu michujo ni mingi. Kuna upimaji wa la nne, mtihani wa kumaliza msingi, upimaji wa kidato cha pili, halafu kidato cha nne chenyewe. Sasa weka kijana kwenye kidato cha pili kama anavyotaka mume wako. Mwishoni mwa mwaka huohuo anakutana na upimaji wa taifa, kwa Kiingereza, katika masomo ambayo wenzake wameyasoma kwa Kiingereza kwa karibu miaka miwili na yeye kayasoma kwa Kireno. Ni kumtupa kwenye maji ya kina.

Au tuseme umweke msingi, la tano au la sita. Huko kila kitu ni Kiswahili, na wenzake wote wanakiandika tangu la kwanza. Katika darasa zima mgeni wa lugha ni yeye peke yake, na ndiye mkubwa kuliko wote. Halafu akishahangaika akakimudu Kiswahili, anafika kidato cha kwanza anaambiwa kiweke pembeni, sasa ni Kiingereza. Atakuwa kabadilishiwa lugha mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Kidato cha kwanza ni tofauti. Hapo ndipo nchi hii inapowabadilishia lugha watoto wote kwa mpigo. Mtoto wa Mangaka, wa Newala, wa Nachingwea aliyesoma shule ya kawaida ya serikali anaingia fomu wani Biolojia imekuwa "Biology", na anakodoa macho. Ndiyo maana shule huanza mwaka kwa kozi ya awali ya Kiingereza. Nimefundisha fomu wani miaka mingi. Januari darasa zima huwa kimya, hata wale waliotoka na A. Kijana wako mwenye 12 kwa 20 ya Kiingereza, na Hisabati anazoziweza, akikaa kwenye dawati hilo hatakuwa nyuma ya mtu. Na Kireno kitambeba kidogo pia, maana maneno mengi ya sayansi yana asili moja. "Fotossíntese" aliyoisoma Pemba ataikuta hapa kwa sura isiyomtisha. Umri nao unakubali. Januari atakuwa na miaka 14 au ndiyo anagusa 15, na fomu wani zetu zina watoto wa 15 tele.

Kwa hiyo jibu langu ni kidato cha kwanza, Januari ijayo, na miezi iliyobaki aitumie kwa Kiingereza na Kiswahili. Anapoteza mwaka mmoja au miwili ya kwenye karatasi. Naiona hiyo ni hasara ndogo ukilinganisha na la nne.

Lakini wewe wala mimi hatumpangi mtoto fomu wani kwa maneno. Wa kwetu wanaingia kwa mtihani wa kumaliza msingi, na yeye hana. Usirudi kwa mwalimu mkuu kubishana. Nenda ofisi ya elimu ya halmashauri, muone Afisa Elimu Sekondari, mweleze kwamba mtoto katoka mfumo wa nje na unaomba apangiwe kidato kwa makaratasi yake. Watakuelekeza kibali kinatolewa na nani na kama ulinganifu wa vyeti unahitajika, ambao huo ni kazi ya Baraza la Mitihani. Uliza mapema habari ya namba ya PREM, maana ndiyo inayomfuata mwanafunzi kwenye usajili wa mitihani, na mtoto anayekaa darasani bila kuandikishwa vizuri anakuja kugundua mwaka wa upimaji kwamba hayupo kwenye orodha. Nimeona mzazi akilia kwa jambo hilo mwezi wa nane, na mwezi wa nane usajili hausubiri mtu. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama kimetolewa Msumbiji, ulizia Uhamiaji hali yake ya uraia kupitia baba yake, ulimalize hilo akiwa mdogo.

Wakikataa fomu wani, wakasema lazima aanzie msingi, basi sikiliza hapa kwa makini, maana wazazi wengi hawajalijua. Mwaka huu wa 2026 walioko la tano ndio waliopokea mtaala mpya wakiwa la tatu, mwaka 2024. Hao wanamalizia msingi la sita, mwaka 2027. Walioko la sita mwaka huu wako mtaala wa zamani, nao wanamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yanatoka pamoja na yanaingia kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028. Kwa hiyo ukisikia mtu anakung'ang'aniza la sita kwa sababu "ni juu zaidi", mwambie mlango wa kutokea ni mmoja na tarehe ni moja. Hapo ningechagua lile la mtaala mpya, asije akasoma vitabu vinavyoelekea kuachwa. Ila hiyo ni njia ya pili. Kuna na ya tatu, ya watahiniwa wa kujitegemea kwa mtihani wa QT, yaani ule wa kumpa aliye nje ya shule sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, nayo naitaja ili uijue tu. Kwa mtoto wa miaka 14 mwenye afya zake na mlezi kama wewe, shule ya mchana yenye kengele na walimu ni bora.

Kuhusu duka. Mwache asaidie Jumamosi na msimu wa korosho ukipamba moto, hakuna ubaya. Lakini kile Kireno unachokiona kinakuuzia vitenge kina thamani kubwa kuliko vitenge. Kireno ni lugha rasmi ya SADC, na Kiswahili nacho kiliingizwa humo mwaka 2019. Mtu wa Masasi anayeandika vizuri Kireno, Kiswahili na Kiingereza, na Kimakonde juu yake, anatafutwa forodhani, bandarini Mtwara, kwenye kampuni za usafirishaji. Mwenye Kireno cha kupangia bei tu atabaki kupanga bei. Mwambie aendelee kusoma chochote cha Kireno, na barua kwa mama yake aandike kwa Kireno, zile ndefu, si za simu.

Mume wako usimpelekee somo hili lote kwa siku moja. Mkalishe na kijana mezani, kijana amgawie ile 168 kwa 12 kwa mtindo wake, na mumeo agawanye kwa wetu, waone kama majibu yanafanana. Wanaume wa nyumba zetu hukubali kilichoandikwa mbele yao kuliko walichoambiwa na wake zao, sijui kwa nini.

La kufanya wiki hii ni simu kwa kaka yako. Karatasi uliyonitumia ni ya matokeo ya mwaka mmoja tu, na muhuri wake haueleweki. Aende shule ya Pemba aombe hati yenye muhuri inayotaja madarasa yote aliyosoma na alama zake, tena iseme wazi kwamba alama ni juu ya 20. Ikifika mtafute mfasiri anayetambulika aigeuze Kiingereza au Kiswahili, si wewe na kijana dukani. Kule mwaka wa shule unaanza Februari na unafungwa kabla ya mwisho wa mwaka, na ofisi ikishafungwa hatampata mtu wa kugonga muhuri hadi sisi huku tumekwisha kufungua fomu wani.